Barabara Iliyopita Duka la Mwisho

Mama mkwe wangu alisambaza mikate kwa baiskeli tangu mume wangu hajaota meno mpaka mume wangu akaoa. Mtaani wanamwita Kengele, maana kabla hujamwona ulikuwa unamsikia, kri kri mbele ya kila duka, na mwenye duka anatoka anapikicha macho. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao lenye mfuniko wa bati. Alilipaka rangi ya bluu mwenyewe, na mikate ndani yake aliipanga wima kama watoto wa shule mstarini. Kiwandani walishajua kuwa mtu mwingine akimpangia, ataitoa yote na kuanza upya.

Kisha kiwanda kikanunua gari. Meneja akamwita ofisini, akampa soda na saa ya ukutani, akamwambia, "Mama, umefanya kazi sana. Sasa pumzika."

Mimi nilikuwa uani nafua nepi aliporudi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akakaa kwenye ngazi, akanywa maji kikombe kizima, ndipo akasema, "Wamenipumzisha."

Hakulia. Wala hakulalamika. Asubuhi aliamka mapema vilevile, akafagia ua uliokwisha kufagiliwa, kisha akaketi kibarazani kuchambua mchele. Siku moja nilikuwa nimempakata mtoto karibu naye, nikaangalia chini ya kiti chake. Miguu ilikuwa inakwenda. Mmoja juu, mmoja chini, polepole, na yeye mwenyewe hana habari.

Ndiyo maana sikushtuka sana jioni aliyotuambia, tukiwa mezani, "Jumatatu naenda kupumzika. Kwa baiskeli."

Mume wangu ni fundi simu. Ana mikono mitulivu, lakini siku hiyo kijiko kilimponyoka. "Mama, watu wakipumzika wanakaa."

"Hao ni watu. Mimi niliambiwa nipumzike, sikuambiwa nipumzike wapi."

"Unaenda wapi sasa?"

"Mbele ya duka la mwisho."

Duka la mwisho liko pale lami inapokatika. Hapo ndipo alipokuwa akishusha mikate iliyobaki, anageuza baiskeli, anarudi. Lakini barabara yenyewe haigeuki. Inaendelea, udongo mwekundu mtupu, mpaka porini kwenye wanyama, na huko ndani kuna ziwa na nyumba ya wageni. Madereva wa malori walikuwa wakimhadithia habari za huko huku wanatafuna mkate wake: twiga wanavuka, tembo wanalala njiani. Yeye alisikiliza akiwa ameshageuza usukani, kwa sababu kiwandani wanangoja sanduku.

"Miaka yote hiyo naipa ile barabara mgongo," alisema. "Nataka na yenyewe inione uso."

"Mama, tembo hajui kwamba wewe ni mstaafu."

"Atanijua tukikutana."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mume wangu si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu akishindwa kuisema anatoa amri. Mwishowe akapiga meza kwa kiganja. "Haya, nenda. Lakini ukirudishwa na gari, baiskeli hiyo basi. Naigawa. Utakaa nyumbani na mjukuu wako."

"Na nikirudi juu yake?"

"Ukirudi juu yake, ni yako mpaka uichoke wewe."

Akampa mkono mezani, na mama akaushika kama mtu anayefunga fundo.

Mimi nilipewa kazi ya kuandamana naye. Mume wangu aliniambia pembeni, "Ukiona anachoka, jifanye tumbo linakuuma, mrudi." Niliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kuahidi. Baiskeli niliazima kwa fundi cherehani jirani yetu, na mtoto nikamwacha nyumbani na mdogo wangu. Nilikuwa nimemwachisha ziwa mwezi uleule, na kifua changu kilikuwa bado hakijaambiwa.

Jumapili mama alivua lile sanduku ili asafiri mwepesi. Akapanda, akapiga pedeli, na gurudumu la mbele likaanza kuyumba kushoto na kulia kama mlevi. Aliishia kwenye ua wa miiba wa jirani. Mwili wake ulikuwa umezoea uzito wa nyuma, na bila uzito huo hakujua tena kuendesha. Alijitoa miiba kwenye kiwiko, akalirudisha sanduku, akajaza ndani nguo zetu, sufuria moja na mawe mawili.

"Mawe, mama?"

"Ndiyo mikate ya safari hii."

Jumatatu tulipopiga kengele mbele ya duka la mwisho, mwenye duka alitoka na trei yake mkononi kwa mazoea. "Leo una mingapi?"

"Leo sina. Napita."

"Unapita unaenda wapi?"

"Huko," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Pale mahali anapogeuzia pamelainika kama sakafu, kwa miaka ya tairi moja. Nilimwona akikaza mikono, maana usukani ulitaka kukata kona wenyewe. Hakuukubalia. Tukapita, na yule bwana akabaki na trei yake akitutazama hadi tukaingia kwenye miti.

Sikujua kwamba nchi inaweza kuwa kubwa hivi karibu na nyumbani. Nyasi zilitufika mabegani pande zote mbili. Ngiri walikatiza mbele yetu, mama na watoto, mikia imesimama kama antena za redio. Pundamilia waliacha kula, wakatugeuzia makalio yao manene, wakaendelea kula. Baiskeli haina kelele, na mnyama hana haraka ya kuikimbia. Anakutazama kwanza. Twiga mmoja alitoa kichwa juu ya mti wa miiba, akatafuna, akatushushia macho toka juu mpaka chini.

"Huyu anatutazama kama meneja," mama akasema, akampigia kengele. Twiga akapepesa kope zake ndefu. Hatukupewa soda.

Tulifika ziwani jua likiwa bado lipo. Mama mwenye nyumba ya wageni alitafuta gari nyuma yetu, hakuliona. "Mmekuja na nani?"

"Na miguu," mama mkwe akajibu.

Asubuhi yake tulikaa juu ya ukingo, mbali na maji kama tulivyoelekezwa, tukanywa chai tukiwaangalia viboko. Wanazama, wanaibuka, wanapumua kwa kishindo, wanazama tena. Nikamwambia, "Hawa ndio wanajua kupumzika."

"Hawa wamezaliwa mapema, wakakuta hakuna kiwanda."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu apewe ile saa.

Balaa lilitukuta mchana, kwenye njia inayozunguka ziwa. Sisi wote wawili hatukufikiri jambo ambalo nyani walilifikiri papo hapo. Lile sanduku limebeba mkate tangu enzi hizo. Mbao zimekunywa harufu ya hamira na ngano iliyookwa, na ukilianika juani linanuka kama tanuri. Sisi hatuisikii tena, ndiyo harufu ya nyumba yetu. Nyani waliisikia toka juu ya mawe.

Walishuka kundi zima. Mmoja mkubwa, mabega kama mbeba magunia, aliruka juu ya sanduku huku mama akiwa bado anaendesha. Baiskeli ikapinda, mama akaenda chini. Nyani akafunua mfuniko, akatoa gauni la kulalia, akalinusa, akalitupa. Akatoa sufuria, akaitazama ndani, akaitupa. Akatoa jiwe.

Mimi nilivua kiatu nikakirusha. Hakikumpata mtu. Mama akainuka, goti limechanika na damu inatiririka mpaka kwenye soksi, akasimama mikono kiunoni mbele ya yule nyani.

"Umechelewa," akamwambia. "Mikate imekwisha. Siku hizi inakuja na gari, kaulize kwa meneja."

Kisha akaanza kupiga kengele bila kukoma, anamsogelea hatua kwa hatua, uso hauna hata mchezo. Nyani alionyesha meno. Mama naye akayaonyesha yake, yale yaliyobaki. Sijui kengele ilimkera au alishakata tamaa na mawe yetu, lakini alishuka, akaondoka akiwa amebeba kiatu changu. Watoto wake walibaki nyuma kidogo wakilamba pembe za sanduku.

Jioni nilipiga simu nyumbani nimsikie mtoto. Aliniambia "mama" mara moja, akaanza kulia, na mimi nikashindwa kujizuia. Mume wangu akachukua simu akauliza kuna nini. Nilisema hakuna kitu, goti tu. Akasema, "Goti la nani?" Nilichelewa kujibu. Akakata simu.

"Anakuja na gari," nikamwambia mama.

Alikuwa anajifunga kitambaa kwenye goti lililovimba kama ndimu. "Aje. Barabara si yangu peke yangu."

Kesho yake tuliondoka mapema. Alikanyaga kwa mguu mmoja zaidi kuliko mwingine, na kila mzunguko nilimsikia akivuta pumzi kwa meno. Nilimwambia tupumzike. Akasema, "Si ndicho ninachofanya?"

Tulipotoka kwenye kona ya msitu tukakuta barabara imezibwa. Tembo. Jike mkubwa kasimama katikati, mtoto wake chini ya tumbo, wengine wakivunja matawi ubavuni kwa sauti kama kuni zinapopasuliwa. Na upande wa pili wao, vumbi bado halijatua, lilisimama pikapu la kuazima na mume wangu ndani yake.

Tulishuka, tukarudi nyuma taratibu, tukasimama kwenye mti. Mume wangu alituchungulia kupitia kati ya tembo, akapiga honi.

Yule jike akageuka. Alitandaza masikio yakawa kama milango miwili, akapiga hatua moja kuelekea kwenye pikapu. Moja tu. Nikaona uso wa mume wangu kwenye kioo, nikaona ulivyokuwa alipokuwa mdogo.

"Zima," mama alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba mwanawe yuko chumba cha pili. "Zima gari, baba. Tulia." Nilimshika mkono. Macho yake hayakuondoka kwa mwanawe.

Injini ikazimika. Tembo alisimama, akanusa hewa, akanusa kimya. Mtoto wake akajikuna kwenye mguu wake. Wakavuka mmoja mmoja bila kumwomba mtu radhi, majani yakafunga nyuma yao.

Mume wangu alifungua mlango akaja anatembea kama aliyetoka kwenye mashua. Alilitazama goti, akachuchumaa, akaligusa pembeni.

"Mama, panda gari."

"Sipandi."

"Umeumia."

"Nimeumia, nimeona. Sipandi."

"Watu watasema nimeshindwa kukutunza."

"Watu hao walikula mikate yangu, na hakuna aliyeniambia nitunzwe." Aliiinua baiskeli. "Wewe ulikula kuliko wote. Ulipokuwa unakula, hukuniambia nishuke."

Mume wangu akanigeukia mimi. "Wewe basi, panda. Mtoto analia tangu jana."

Kifua kiliniuma aliposema hivyo, nguo yangu ililowa mbele. Nilitaka kupanda. Mungu ananiona, nilitaka. Lakini nilimwangalia mama, naye hakuniangalia, alikuwa anafunga mfuniko wa sanduku ili nisione kama ananingoja.

"Mwambie mtoto niko njiani," nikasema.

"Na wewe hupandi?"

"Na mimi."

Alitufuata nyuma, pikapu likinguruma kwa gia ya kwanza kama ng'ombe anayeswagwa. Tukatoka hivyo mpaka kwenye mlima wa mwisho, ule unaopandisha kabla ya mji. Katikati ya mlima goti la mama lilikataa. Aliteremka.

Mume wangu akatoa kichwa dirishani. "Umeshuka!"

"Nimeshuka kwenye baiskeli. Sijapanda kwenye gari."

Akaanza kuisukuma. Hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, jasho linadondoka kwenye usukani. Nilisikia injini nyuma yetu ikizimwa na mlango ukifungwa. Mume wangu alitufikia kwa miguu, akanyoosha mkono kwenye kiti cha baiskeli.

Mama akaupiga ule mkono. "Toa. Kesho utasema ulinisaidia."

Akautoa. Hakurudi kwenye gari. Aliiweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo, akatembea pembeni ya mama yake kwa mwendo wa mama yake. Mama akisimama, anasimama. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikaona migongo yao inafanana.

Juu kabisa upepo ulitupiga usoni, na mabati ya mji yalikuwa yanang'aa kule chini. Mama alipumua. Akainua mguu mzima, akapitisha ule mbovu kwa kuushika na mkono, akakaa.

"Gari lako liko chini kule," akamwambia mwanawe. "Utarudi kulifuata."

"Nitalifuata."

"Sisi hatukungoji."

Akaachia breki.