Barua Iliyo Ndani ya Godoro Letu

Nianze na lililo zito, nisije nikaishiwa na ujasiri katikati. Mimi ndiye niliyemuuza mume wangu! Si jirani, si mchawi, si mpelelezi wa serikali. Ni mimi ninayempikia na kumkunjia kanzu zake.

Jina langu silitaji. Na yeye nitamwita Fundi, maana ni fundi saa, na mafundi saa hapa mjini ni wengi.

Nakaa Kariakoo, katika nyumba ya shangazi yangu, nyumba ya vyumba sita na baraza mbele. Fundi alikuja kupanga chumba cha mbele akitokea Mombasa. Asubuhi huweka kimeza chake barazani, akabana kioo kidogo jichoni, na saa za watu zikalia tik tik mchana kutwa. Mtu mpole, hana makuu. Saa yako huishika kama kashika yai.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaachika. Mume wangu wa kwanza aliniambia hana mke mwingine, kumbe anao wawili Rufiji! Nilijua siku walipofika wote wawili mlangoni na watoto wao migongoni. Tangu hapo, mwanamume akiniambia neno nalipima mara tatu kabla ya kulimeza.

Fundi alipotaka kuniposa aliniita barazani, mchana kweupe, shangazi yuko ukumbini anapepeta mchele.

"Bibie, kabla hujanikubali nisikilize," akasema. "Mombasa nilikuwa na mke. Nimemwacha, na talaka yake anayo. Tena kuna hati ya kunikamata imetoka huko. Nimesingiziwa kwamba nimeiba saa za wateja. Wallahi sijaiba hata mshale wa saa."

Nikashtuka. Siku zile Kenya kulikuwa na vurugu, na mtu wa kutoka huko alikuwa akitazamwa kwa jicho la pembeni.

Akanieleza kwamba amekwenda kwa wakili wa Kihindi. Wakili akamwambia hati ya Kenya peke yake haitoshi kumtoa hapa, mpaka hakimu wa hapa aikubali. Na sheria inampa hakimu nafasi ya kukataa, akionyeshwa kwamba mashtaka yameletwa kwa chuki na hila.

"Huo ushahidi wa chuki ndio wakili anaoutafuta, polepole," akasema. "Mpaka aupate, nisijulikane niliko. Nakuomba jambo moja tu. Usiandike barua, usitume mtu, usilitaje jina langu kwa mtu yeyote wa Mombasa."

Nikaapa. Mkono kifuani, nikaapa!

Alipotoka, shangazi akaweka ungo chini. "Mwanangu, umemsikia? Mtu anakuja kuposa, halafu anasema kwao kusiulizwe! Sisi toka lini tunaoza bila kuulizia? Bibi yako aliulizia mpaka Kilwa, kwa mguu."

"Kasema ana kesi, shangazi."

"Kesi! Rufiji nako kulikuwa na kesi?"

Lo, neno lile lilinichoma. Si kama namtupia shangazi lawama, la hasha, yeye alisema tu na mkono ulioandika ni wangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, naijua kalamu. Lakini usiku ule na siku zilizofuata nilikuwa nawaona wale wanawake wawili wa Rufiji wamesimama mlangoni.

Jina la mkewe wa zamani alikuwa kanitajia mwenyewe. Nikamwandikia yule bibi: dada usiyenijua, nimeposwa na mtu aliyekuwa mumeo, nakuomba kwa Mungu uniambie kweli, kakuacha au ungali mkewe? Nikaweka anwani ya duka la baba mdogo, Mchafukoge, maana sisi hatuna sanduku la posta, barua zetu zote hupitia dukani. Nikaona nimefanya ujanja mkubwa. Nyumba sikuitaja, mtaa wetu sikuutaja!

Mjinga mimi! Sikufikiri kwamba na yule bibi wa Mombasa, kama mimi, barua zake hupitia dukani kwa mtu. Duka lenyewe la kaka yake. Na huyo kaka ndiye tajiri aliyemwajiri Fundi, na ndiye aliyekwenda kituoni kumshtaki.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Baba mdogo akanipa bahasha bila kuuliza kitu. Nikaifungulia uani, karibu na choo, nikiwa nimeegemea ukuta.

Yule bibi hakuandika hata neno moja. Aliandika kaka yake, na jina lake akaliweka chini kabisa. Katikati ya barua alisema hivi: "Nyinyi mnaotaka kumwoza mtu huyo, mwambieni saa si hoja. Saa ninazo mimi. Kamwacha dada yangu akaniaibisha mbele ya watu. Amwoe tena, nami siku hiyo hiyo nitakwenda kituoni kuifuta kesi. Hataki, basi mtamwozea gerezani."

Yarabi! Niliisoma mara nne. Kwanza nikafurahi, nisidanganye, nikafurahi kweli, maana Fundi hakunidanganya hata chembe. Kamwacha mke, hakuiba, yote kweli. Halafu nikamkumbuka wakili. Ushahidi wa chuki anaoutafuta ndio huu, nimeushika mkononi! Halafu tena nikaona kwamba barua hii imeanza kwa maneno "Nimepata barua ya huyo mchumba wake."

Nikaikunja upesi nikaificha kifuani.

Kumwonyesha Fundi ni kumwambia nimevunja kiapo. Kumficha ni kumwacha akae barazani, wazi kabisa, na huku mbaya wake keshajua pa kuanzia. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema Ijumaa. Ijumaa asubuhi walikuja askari wawili na Mzungu wao. Walianzia Mchafukoge kwa baba mdogo, naye masikini akawaelekeza, maana hakujua wanachotaka.

Fundi alikuwa na saa ya mtu mkononi. Akawaomba kwa adabu wamwache aifunike mashine yake isiingie vumbi. Wakamngoja. Akaifunika, akanikabidhi. "Mwenyewe atakuja adhuhuri," akaniambia, "mwambie bado springi."

Wakili alikuja nyumbani kesho yake. Mtu wa makamo, anavaa koti hata jua likiwaka. Shangazi akampa kiti, yeye akakaa ukingoni.

"Bibi," akaniambia, "mimi najua kesi hii ni ya chuki. Kujua kwangu hakumsaidii. Hakimu anataka kuona. Je, una chochote? Barua, kipande cha barua, mtu aliyesikia neno?"

"Sina."

"Fikiri vizuri."

"Sina, bwana."

Shangazi akadakia, "Mficha uchi hazai, mwanangu, kama kuna kitu sema." Wala hakujua kitu, ni mdomo wake tu. Mimi nikainuka nikaenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Siku ya mahakama niliifunga ile barua kwenye pindo la kanga. Nilitoka nyumbani nimeazimia. Kweli nilikuwa nimeazimia! Nikakaa benchi la nyuma, Fundi kizimbani, mkalimani katikati. Hakimu akauliza, mkalimani akatufasiria: upande wa mshtakiwa una ushahidi gani kwamba mashtaka haya ni ya hila?

Wakili akasimama. Akasema wanaendelea kuutafuta.

Nilikuwa nimelishika lile fundo mpaka vidole vinauma. Nikajua nikisimama, barua itasomwa mbele ya watu wote, na mbele yake. Atajua. Atatoka huru, na akitoka, hatatazama tena upande wangu. Mimi nitakuwa nimemwokoa kwa ajili ya mwanamke mwingine! Ndivyo nilivyowaza, wasomaji wenzangu, hayo machafu ndiyo yaliyopita kichwani mwangu. Akageuka akaniona. Akanifanyia ishara kwa mkono, kama kuuliza: umekula?

Hakimu akatia sahihi.

Mlangoni nikamkimbilia wakili. Nikamuuliza, na kitu kikipatikana leo? Akasema zipo siku kumi na tano kabla hajasafirishwa, ndani ya siku hizo anaweza kukimbilia mahakama ya juu. "Lete hata usiku," akasema.

Siku kumi na tano, jamani! Mungu alinipa siku kumi na tano na mimi nikazila moja moja. Kila siku nampelekea Fundi chakula mahabusu, wali na mchuzi wa papa, naye ananishukuru. Siku ya kumi na mbili nilifika mpaka kwa wakili, nikapanda ngazi, nikasikia sauti yake ndani, nikateremka. Siku ya kumi na sita wakampandisha meli. Nilipenya mpaka karibu yake, na pingu zake mkononi, akaniambia, "Nenda nyumbani, bibie, jua kali." Nikasimama Magogoni mpaka meli ikatoka nje ya bandari.

Alifungwa mwaka mmoja na nusu.

Mngedhani hapo ndipo nilipomkosa. Sivyo! Alirudi. Alirudi amekonda, jicho moja limepungua nuru kwa kuvunja kokoto, akaja moja kwa moja mpaka kwenye baraza yetu. Akasema katika dunia hii nzima ni mimi peke yangu niliyesimama naye. Akanioa. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na mimi chini ya ushungi nalia, watu wanasema ni furaha.

Sasa tuna mtoto wa kike. Fundi bado anakaa pale pale na kioo chake, amekihamishia jicho jingine. Na barua? Sikuichoma. Kila nikiwasha jiko nasema leo, na mkono unagoma. Naona nikiichoma nimemfunga mara ya pili. Niliishona ndani ya godoro letu la sufi, upande wa ukutani. Mume wangu analala juu yake.

Hajui, lakini hajaacha kuuliza. Tukikaa baada ya chakula hurudia yale yale. "Mke wangu, nani aliwaonyesha duka la Mchafukoge? Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu wa karibu huyo." Huwataja wapangaji wa zamani mmoja mmoja. Kuna mzee mmoja wa Buguruni, rafiki yake wa bao, alishamshuku akaacha kumwamkia. Mzee wa watu hana kosa! Wiki iliyopita kapita mbele ya nyumba, kasimama kidogo, hakuna aliyemwambia karibu. Mimi nilikuwa dirishani.

Nilipomuuliza Fundi akimjua aliyemsaliti atamfanya nini, nilitegemea aseme atamchinja. Afadhali angesema hivyo. Alisema, "Sitamgusa. Nitamuuliza tu, nilikukosea nini?"

Tangu hapo usingizi sina. Nageukia ukutani nasikia karatasi. Najua karatasi haisikiki ndani ya sufi, lakini mimi naisikia.

Na juzi kaleta neno. "Mama, godoro limekuwa gumu. Jumamosi nalipeleka likafumuliwe, sufi ichambuliwe upya." Nikaruka! Nikasema godoro langu liachwe lilivyo, nikafoka mpaka mtoto akalia. Akanitazama kwa jicho lake lile moja zima, akasema, "Godoro tu, mke wangu." Hata hivyo Jumamosi iko pale pale, keshaongea na fundi wa magodoro.

Ndiyo maana naandika. Mdomo wangu umekataa kwa miaka, nimeona nitumie kalamu, kwa sababu ndiyo iliyoharibu.

Dada zangu, mchumba akikwambia siri inayoshika shingo yake, mwamini au mwache, usikae katikati. Ukishakosea, sema siku ile ile, kungali na mlango. Mimi nilidhani nikinyamaza nitamweka mume. Nimemweka, ndiyo, na kila anaponipenda naona aibu. Na ukimwona mtu ana ndugu anayetafutwa na serikali ya mbali, mwambie asidharau karatasi. Karatasi moja iliwaleta askari mlangoni kwetu, na nyingine ingemrudisha Fundi nyumbani jioni ile ile. Zote mbili zilipita mikononi mwangu.

Gazeti hili hutoka Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu hulinunua, akawasomea wenzake pale barazani, ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti, na ukurasa huu wa barua za wasomaji hauruki kamwe.

Baba, ukifika hapa, simama kidogo usiwasomee wenzako yaliyobaki. Mwite mzee wa Buguruni umtake radhi. Godoro, upande wa ukutani, mshono wa uzi mwekundu. Na lile swali ulilosema utamuuliza usiyemjua, jibu ninalo.

Hukunikosea kitu.

Niko jikoni, mtoto kalala, na mlango wa uani nimeuacha wazi.