Mwizi wa Uji wa Mkaa

Mtaani walimwita Masizi, naye hakukataa jina, maana hata akimaliza sabuni nzima kope zake zilibaki kama zimepakwa wanja. Kazi yake ilikuwa kugeuza takataka kuwa moto. Alichukua maranda kwa seremala na maganda ya karanga sokoni, akayachoma ndani ya pipa lililozibwa hewa, akayasaga, kisha akaukanda unga huo mweusi kwa uji mzito wa muhogo. Uji ndio gundi. Vikitoka kwenye mashine yake ya mkono, vitonge vya mkaa vilikuwa vimeshikana kama maharusi wa wiki ya kwanza.

Sasa vilikuwa vinaachana.

"Masizi, mkaa wako unavunjika kama biskuti," alilalamika mwoka mikate, mteja wake pekee wa maana. "Tanuri langu linataka moto, si vumbi. Mzigo ujao ukiwa hivi, narudi kwenye kuni, tuagane kwa amani."

Masizi alirudi nyumbani kama hakimu aliyekwisha andika hukumu, bado mshtakiwa tu. Aliichungulia sufuria ya uji, ambao huupika jioni ili upoe mpaka asubuhi. Kijiko kilichokuwa kikisimama wima humo ndani, leo kilizama. Kumbe! Mtu anakunywa uji, kisha anajazia maji!

Mumewe alikuwa safarini na lori, kwa hiyo akaponea hapo. Mama mkwe hakuwa na meno wala hamu. Kila jioni alirudisha sahani haijaguswa, akidai ameshiba. Akabaki wifi, mwenye mashavu yaliyonona bila maelezo.

"Wifi, siku hizi unang'aa."

"Mafuta ya kujipaka hayo, wifi."

"Mafuta ya kujipaka hayanenepeshi."

"Na kuchunguza watu ndiko kunakokukondesha hivyo?"

Jibu la mwizi kabisa, Masizi aliwaza. Jioni ile akapika uji kama kawaida, akamwagia pilipili ya unga bila huruma. Hakumwambia mtu. Mpango ulikuwa rahisi: asubuhi atatazama nani anatokwa machozi, ataumwaga uji ule, atapika mwingine wa mzigo.

Kulipokucha alimkodolea wifi macho. Makavu. Mama mkwe naye alikohoa kidogo, lakini huyo amekuwa akikohoa tangu Masizi alipoolewa. Kwa hasira akausahau uji jikoni, akabeba gunia, akaenda kwa seremala kufuata maranda.

Aliporudi, ua mzima ulikuwa umeanikwa vitonge vyeusi, na wifi kapakaa hadi puani.

"Nimekumalizia kazi, wifi! Unga wote nimeukanda, uji wote nimeutumia. Sema ahsante."

Masizi hakusema ahsante. Alisema moyoni: anaharibu ushahidi! Na angemwambiaje kuhusu pilipili bila kufichua mtego? Unga mwingine hakuwa nao, na mwoka mikate hangojei. Pilipili itaungua tu, alijifariji, vitonge vilipokauka na kupelekwa.

Iliungua kweli. Mwoka mikate alitoka mbio jikoni akilia kama mfiwa, wasaidizi nyuma yake, wateja wakaangusha mikate na kukimbilia barabarani. Magunia yote yakarudishwa yakiwa kwenye mkokoteni, na mwenyewe kayafuata kwa miguu, macho mekundu.

"Umeniwekea nini humu, mwanamke?"

Masizi hakuwa na pa kujificha. Akasimulia yote palepale uani, na kidole akamnyooshea wifi. "Mwizi huyu hapa!"

"Mimi? Uji wa mkaa?" Wifi alishika kiuno. "Hata njaa ina heshima zake!"

Ndipo mama mkwe akakohoa mlangoni.

"Kwani ile pilipili hukunitilia mimi?"

Wote wakageuka.

"Chakula chenu kigumu, mwanangu, na kusema naona haya. Uji unashuka wenyewe. Safari ile nikaonja, nikasema, leo mkwe wangu kakumbuka kikohozi changu. Lakini ulikuwa mkali, nikaishia kikombe kimoja. Sikuhitaji hata kujazia maji."

Mwoka mikate alichukua kitonge, akakibamiza ukutani. Hakikuvunjika. Akakitazama, akapiga chafya.

"Niletee kigumu hivihivi," alisema, "lakini kisicho na kinyongo."

Tangu jioni hiyo Masizi hupika sufuria mbili, moja ya mashine, moja ya mama. Wifi bado anadai aombwe radhi. Masizi anasema atamwomba, akishajua yale mashavu yanatoka wapi.