Rangi ya Ndani ya Kabati

Juzi nilikuwa kwa seremala mmoja hapa Mugumu, nikisubiri anitengenezee kiti. Akaingia mama wa Machochwe, aliyekuja kuchagua rangi ya kabati lake la jikoni.

"Shikamoo mama. Tupake rangi gani?"

Mama akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha udongo mwekundu, akakiweka mezani polepole kama anaweka yai.

"Hii. Ni ya ukuta wa jiko langu, kule tulikokuwa kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa."

Seremala akatoa penseli sikioni, akairudisha.

"Mama, madukani kuna kijani tu."

Nilidhani mama atanuna. Akafungua mlango wa kabati, akapitisha kiganja kwenye mbao za ndani.

"Basi nje paka hiyo kijani yenu. Ndani usiguse, nitasiriba mwenyewe kwa udongo huu."

Afisa wa serikali atakayekuja kukagua nyumba za kijiji kipya ataona kijani, ataridhika. Mimi siku ya kuhama niliyaona malori yakipakia vitanda, mitungi na kuku. Sikujua kwamba jiko nalo lilipanda, limefungwa kwenye pembe ya kanga.