Samosa za Njiani

Hapa Kitengela, kila nikipita penye samosa zinakaangwa, ile harufu ya kitunguu na dania hunivusha barabara kabla ya kunipa njaa.

Kwetu samosa za nyama zilikuwa za Krismasi. Kwa hivyo siku ile ya kawaida, nilipomwona Mama akikunja chapati nyembamba juu ya nyama ya kusaga, nilimuuliza ni wageni gani wanakuja. Alinisukumia kikombe cha unga uliokorogwa na maji, nigandishe pembe.

"Bana sana," alisema. "Ikiachia, mafuta itaingia yote."

Nilibana mpaka vidole vikauma. Shangazi, aliyefika asubuhi kutoka Mashuuru, alikuwa amekaa karibu na mlango, hataki hata chai. Mapajani alikuwa ameshika begi yangu ya shule, na shule zilikuwa zimefungwa. Ilikuwa imejaa.

Mama alizipanga samosa kwenye mkebe zikiwa bado moto, akafunika.

"Hatuonji hata moja?"

"Ni za njiani."

"Na zako?"

Alifuta mikono kwa leso, akaifuta tena.

"Mimi sina safari."