Aliyekuja Kusimulia Sehemu Yake

Namshukuru Mungu aliyeniamsha leo, akanipa macho ya kuona karatasi na mkono usiotetemeka sana. Yeye ndiye mwenye nchi kavu na mwenye maji, na sifa zote ni zake. Sasa naomba unisikilize, msomaji wangu, kwa maana ninayokueleza yalitokea mbele ya macho yangu, mchana, na sikuwa na homa wala usingizi. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimefundishwa, na nimewafundisha wengine, kwamba wafu wamelala mpaka siku ya kuitwa. Bado naamini hivyo. Ndiyo maana kisa hiki kinanilemea.

Tulipokuwa vijana tulikuwa watatu: mimi, Chacha wa Isebania, na Ouma, jirani yangu wa Rangwe. Hakuna aliyetutuma. Tulitaka tu kuufuata mto Migori kwa miguu, tangu huko juu karibu na Ogwedhi unakotokea upande wa Narok, mpaka maji yake yanapoingia ziwani. Hatukuwa tumesikia habari ya mtu aliyewahi kuumaliza. Watu wa kando ya mto walijua kila mmoja mahali pake: hapa tunanywesha ng'ombe, hapa tunaosha mchanga wa dhahabu, hapa tunafua. Lakini mto mzima ulikuwa haujulikani na mtu.

Tukagawana safari. Chacha angetangulia huko juu, mimi katikati, penye miwa na machimbo, na Ouma angetangulia mwishoni, kwenye mafunjo, yale majani marefu yanayoota ndani ya maji kabla ya ziwa. Tukaweka na sharti: aliyetangulia sehemu ndiye atakayeisimulia, wengine wanyamaze. Unajua wasafiri wanavyoongeza chumvi. Tuliogopa kusema uongo.

Ouma aliingia kwenye mafunjo asubuhi kutafuta pa kupita, akatuambia tumngoje. Tulimsikia akiita, tukaitika. Akaita tena, mbali zaidi, tukaitika. Kisha kimya. Tulimtafuta pamoja na wavuvi wa pale, tukatafuta mpaka wao wenyewe wakatushika mikono na kutuambia, basi.

Kwetu Wajaluo, mtu akipotea na mwili wake usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, tunda refu kama mkono wa mtu. Likichimbiwa kaburi na kuliliwa, mtu yule huhesabiwa kuwa amerudi nyumbani. Ukoo wa Ouma ulifanya hivyo. Lakini mama yake hakutoka nje siku ile.

"Mimi nilizaa mtu," alisema. "Sikuzaa tunda."

Hakulia. Wala hakukanyaga kaburi lile, ingawa lilikuwa hapo hapo bomani kwake.

Miaka ikaenda, tukaota mvi. Tukajuana na wasafiri wengine wa huku kwetu: mmoja aliingia mapango ambayo watu waliyaogopa, mwingine alizunguka visiwa kwa kasia. Dada Akinyi, muuguzi mstaafu, alikuwa amepanda vilima vya Gwassi kimoja baada ya kingine, peke yake. Tukawa tunakutana kila mwaka pale Rangwe, katika ukumbi wa kanisa, tukisimuliana, na Dada Akinyi ndiye mwenyekiti.

Mama Ouma alikuja kila mwaka. Alikaa mstari wa mbele, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Chacha akimaliza sehemu yake, nami nikimaliza yangu, tulinyamaza, kwa kuwa iliyofuata ilikuwa ya Ouma. Mama aliusikiliza ukimya ule kama wewe unavyosikiliza redio. Kisha aliuliza kwa Kijaluo, "Bado?" Nami nilimjibu, "Bado, Mama." Niambie, wewe ungemjibu nini?

Mwaka ninaousema, mvua ilitupiga njiani, tukaingia ukumbini tumelowa sote. Chacha alikuwa amechangamka.

"Huyu mzee wa kanisa mnayemheshimu," alisema akinisonta kidole, "alivuka mto amebeba viatu kichwani kama mayai. Nikamwambia, ndugu yangu, mamba hana shida na viatu. Anataka miguu!"

"Na wewe ulimlilia mama yako kwa sababu ya ruba," nikamjibu.

"Ruba alikuwa mkubwa!"

"Mkubwa kiasi gani, Chacha?" Dada Akinyi akauliza. "Mwaka jana alikuwa kama kidole."

"Ameendelea kukua, dada."

Watu wakacheka, na Mama Ouma akacheka kwa sababu sisi tulicheka. Nikasimulia sehemu yangu. Kisha tukanyamaza kama kawaida.

Ndipo mtu alipoinuka kule nyuma. Kijana. Nilidhani ni mgeni asiyelijua sharti letu, nikainua mkono kumzuia. Shati lake lilikuwa kavu. Niamini, nililiona hilo kabla ya kuuona uso wake.

"Shusha mkono, ndugu yangu," akasema. "Hii ni yangu."

Mkono wangu ukashuka wenyewe.

"Mafunjo yalinibeba vizuri," akasema, bila haraka, kama tulivyokuwa tukisimulia sote. "Nilidhani nimekanyaga nchi. Kumbe ni mizizi iliyoshikana, inaelea, na upepo ulikuwa umeikata ukaanza kuipeleka. Niliwaita. Nikawasikia mkiitika, lakini sauti zenu ziliendelea kuwa ndogo, nikafikiri ni ninyi mnaoniacha. Kisha mafunjo yakafunguka mbele yangu, nikaliona ziwa lote. Nataka mjue kwamba nilifurahi. Nilifurahi kabla ya mizizi kuachana chini ya miguu yangu."

Mama Ouma alikuwa amesimama.

"Ulimwita nani?" akamwuliza.

"Niliwaita hawa. Halafu nikakuita wewe."

"Sikukusikia, baba."

"Ulikuwa mbali, Mama."

"Basi twende nyumbani."

Kijana akatikisa kichwa. "Nyumbani nimefika mara nyingi. Wamenichimbia mahali. Lakini nitalalaje mahali ambapo mama yangu amekataa kunililia? Ninakaa nje, Mama. Nimechoka kukaa nje."

Mama alishika egemeo la kiti chake. Nilikuwa karibu, nikaona vidole vyake vikibadilika rangi.

"Nikilia," akasema, "utakuwa umekufa."

"Ndiyo, Mama."

Nimekaa na watu wengi saa ya uamuzi mzito. Sijaona mwingine kama ule. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kwa namna ambayo hata mimi niliona aibu kuitazama. Kisha akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi, kile kilio cha Kijaluo cha mama aliyefiwa leo leo. Tuliinamisha vichwa. Tulipoviinua, kule nyuma palikuwa na kiti tu.

Dada Akinyi alikuwa amekaa kando ya mlango. Alisema aliufunga kwa komeo tangu mwanzo kwa sababu ya upepo, na hakumfungulia mtu.

Kuna jambo jingine. Mimi nilimsikia yule kijana akisema Kiswahili, neno kwa neno kama nilivyokuandikia. Chacha anaapa alisema Kikuria, Kikuria cha mtu aliyelelewa kwao. Mama alisema, "Mwanangu angeniambia kwa lugha gani nyingine, kama si ya nyumbani?"

Tulimsindikiza siku ile ile. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la yago, akapiga magoti kwenye matope, akalia mpaka majirani wakaja wakalia naye, hata wale ambao hawakuwa wamezaliwa Ouma alipopotea. Jioni akamwambia mkaza mwanawe afunge lango la boma mapema. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile alikuwa halali mpaka ahakikishe limeachwa wazi.

"Sasa sina wa kumngojea," aliniambia. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayekuambia mahindi yameisha ghalani. Hakumaliza mwaka. Tulimzika katika boma lile lile, na kwenye mkutano wetu Chacha hakutaka tena kusimulia.

Ndugu zangu wa kanisani wameniambia ni roho ya udanganyifu. Huenda. Nimeomba sana juu ya jambo hili. Lakini mdanganyifu huja kuchukua kitu, na huyu aliomba machozi tu. Sijui. Ninaliacha mikononi mwa Bwana, nami nangoja kwa uvumilivu.

Kwako wewe unayependa kwenda mahali ambapo hapajakanyagwa: nenda, lakini pima ardhi kabla ya kuiamini. Na wewe uliyebaki nyumbani ukimngoja asiyerudi, usikaze moyo ukadhani huo ndio upendo. Mlilie, hata kama moyo wako unakataa. Najua ninachokuomba, kwa sababu niliona bei yake usoni mwa mama mmoja.

Mungu wa rehema akulinde utokapo na uingiapo, aimarishe pale unapokanyaga, na mpendwa wako aliye mbali ampe mahali pa kulala. Amina.