Singo Yangu ya Glita

Jamani, hii naisimulia huku nimejifunika kanga usoni, maana hadi leo nikikatiza ile mitaa ya Ilala kwa kina Mama Rukia nashusha ushungi mpaka kwenye nyusi, na mtu akiniita jina najifanya naongea na simu. Aibu niliyoipata siku ile hakunitafutia mtu, nilijitafutia mwenyewe.

Mimi natengeneza singo, ile ya kumsugulia bibi harusi mwili ang'ae na kunukia. Natwanga liwa, msandali, karafuu na mawaridi makavu humuhumu ndani kwangu Mchafukoge (majirani wa ghorofani wameshazoea kelele za kinu), naipaki kwenye vikopo vilivyoandikwa ASILI TUPU, halafu nauza Kariakoo. Sasa mabinti wa siku hizi wakawa wananiambia singo yangu inanukia vizuri ila hawang'ai kwenye picha, basi siku moja napita duka la mapambo ya harusi nikaona ile glita ya dhahabu wanayomwagia kwenye kadi, laini kama unga, nikasema dawa yao hii hapa. Nikamimina, nikakoroga, kikopo kikawaka. Wala sikujiuliza imetengenezwa na nini, na maandishi yangu nikayaacha vilevile.

Vikopo vya mwanzo niliwauzia wateja wangu wachache, kimoja nikamwekea Rukia. Huyu ni binti wa Mama Rukia, rafiki yangu kipenzi, mwanamke aliyenipokea nilipokuja mjini kutoka Lindi na kunitafutia wateja, na siku ile akanipa heshima ya kumsinga mwanawe mbele ya ukoo mzima, kesho yake ndoa. Ngoma inalia, mimi katikati ya mkeka nasugua mikono, shingo, mashavu, mtoto anameta hadi wanawake wakasimama kumpiga picha. Mama Rukia akawa anawaambia mashoga zake, "Huyu mwenzangu haokoteziokotezi, anatwanga mwenyewe." Kichwa kikazidi kunivimba.

Mara Rukia akafumba jicho. "Mamdogo, jicho linachoma."

"Karafuu hiyo, itapita," nikamjibu (wala sikuangalia vizuri), nikamfuta kwa kidole, kumbe kidole chenyewe kimejaa glita, kwa hiyo nikawa naongeza badala ya kupunguza, nikammwagia maji, yakashuka na nyingine kutoka kwenye nyusi. Akaanza kulia. Taulo linameta, mkeka unameta, na sinia la visheti pembeni nalo linameta na watu wameshakula nusu.

Bibi yake Rukia akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, umetia nini humu?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, nikaona nikitaja glita nimekwisha, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie, "Ni asili tupu, bibi, kama hamuamini tuitie kwenye chetezo mnuse wenyewe!" Singo ya kweli ukiitupia kwenye makaa nyumba nzima inanukia msandali, nami nikachota ya kujaa kiganja, nikatupia.

Msandali ulinukia kidogo tu. Baada ya hapo ikaja harufu ya ndoo inayoungua, moshi mweusi, na kwenye makaa vitu vinajikunja na kunata, watu wakaziba pua kwa kanga, ngoma ikanyamaza, na shangazi mmoja akapaza sauti, "Hee! Kumbe mtoto wetu anapakwa ndoo!" Wakaangua kicheko. Kisha Rukia akajaribu kufumbua jicho, likaonekana jekundu limevimba, na hakuna aliyecheka tena.

Hospitali daktari alimsafisha jicho kwa maji kwa muda mrefu, akatuambia ni plastiki iliyokatwakatwa, imemkwaruza, ataona vizuri tu lakini lazima afungwe bandeji. Tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa, Rukia akaniuliza taratibu, "Mamdogo, ungesema tu ni glita, si ungenipaka mikononi peke yake?" Mtoto wa watu akaolewa na bandeji jichoni.

Baada ya harusi nilienda kuwasafishia ua bila kuitwa. Nikadeki, nikachuja maji machafu kwa chujio la chai, vipunje vikapita, nikachuja kwa kitambaa, vingine vikapita, vikaenda mtaroni, na mitaro yetu mnajua inaishia baharini kwa samaki haohao tunaowakaanga. Vile vikopo nilivyouza nikavifuata kwa kila mteja, nikimweleza mwenyewe kilichomo (wengine walinicheka hadi wakakaa chini). Vyote viko kwenye dumu chini ya kitanda changu, nimelifunga kwa gundi, kwa sababu kumwaga siwezi na kuchoma ndiyo kabisa.

Nimeapa, kitu nisichojua kimetengenezwa na nini hakitaingia kwenye kinu changu, na nikiulizwa nimetia nini nitasema palepale, hata kama ukoo mzima unanikodolea macho.

Mama Rukia hajawahi kunisema hata neno. Juzijuzi mdogo wake Rukia naye kaposwa, nikaalikwa kwenye singo yake, nikapokewa vizuri, nikapewa kiti cha mbele na soda baridi. Aliyemsinga alikuwa mtu mwingine, nami nikapiga vigelegele pamoja na wageni.