Tumbo Lilivyoninyang'anya Ushenga

Kiungulia changu kilikuwa hakina adabu. Ungeniwekea sufuria kifuani, maharage yangeiva kabla hujamenya kitunguu. Miaka yote nilikizima kwa maziwa baridi, hadi mke wangu akanikokota hospitali, nikapimwa. Kumbe tumboni nafuga wadudu! Kwa nilivyoelezwa, nadhani wana ukubwa wa panya.

"Mzee, wanakuvimbisha tumbo kwa ndani," daktari akasema. "Likikaa hivyo miaka mingi linaweza kuleta kansa. Tuwaue mapema. Dawa wiki mbili, usiruke hata moja, na pombe usiguse."

"Hata ya ndizi? Ile si matunda?"

"Hata ya ndizi."

Sasa wiki hiyohiyo mimi ndio mshenga! Mpwa wangu anaoa Kikatiti, na kwa wakwe zake hamna posa bila kibuyu cha pombe. Nikafika, nikawaamkia wazee, nikapewa kibuyu kikubwa kama tanki la shule. Mpwa wangu ananiangalia kama mtu anayezama.

"Wazee wangu, nimepimwa tumbo, niko kwenye dozi," nikasema.

Hata kuku nje waliacha kuparua. Baba wa binti akakunja uso. "Mkwe, hapa kwetu anayekunywa ndiye anayesema. Wewe hunywi, nani atasema?"

Nikamwangalia mpwa wangu, nikaona bora nife mimi. Kibuyu kikafika mdomoni. Dada yangu, mama yake kijana, tuliyekuja naye, akakipokonya.

"Lete hapa! Nikuzike kwa ajili ya adabu?"

Akapiga mafunda, nadhani hata mto Themi kule mjini ulipungua maji. Akajifuta kwa kanga, akaanza kusema. Jamani! Wazee walibembelezwa, wakatishiwa, wakachekeshwa. Mimi pembeni na chupa yangu ya maji, nimetulia kama bibi harusi. Posa ikapita.

Nilipotoka kumeza kidonge, baba wa binti akanifuata nyuma ya migomba.

"Mkwe, hicho kipimo kinauma?"

"Kwani na wewe?"

"Mwenzio kiungulia kinanilaza nimekaa, mwaka wa ngapi sijui."

Dozi nikamaliza. Nikapimwa tena, wadudu hakuna. Ila ukoo sasa ukitaka mshenga unampigia dada.

Mkwe nilimpeleka hospitali mwenyewe. Alipoona daktari ni binti mdogo, akaona aibu, akasema anaumwa goti.

"Daktari," nikasema, "goti la huyu liko tumboni."